Kipanya Chenye Homa

4 Machi

Mwanangu Maswali,

Salamu zako nilizipata, marahaba. Nakuandikia kwa kompyuta ya kazini wakati wenzangu wametoka kula. Simu yako ya juzi sikuipokea kwa sababu mikono ilikuwa na gundi, usinune. Isitoshe, wewe kwenye simu unauliza swali la tatu kabla sijajibu la kwanza, ndiyo maana babu yako alikupa jina hilo. Kwa barua angalau napata nafasi ya kuvuta pumzi.

Nina shida, na kwa kuwa wewe ndiye unayeshinda na kompyuta za maktaba, naanzia kwako. Kipanya changu kinaumwa. Unajua siku hizi hapa kiwandani hatukati tena paterni za viatu kwa karatasi ngumu na mkasi. Kila kipande cha kiatu, ulimi, ubavu, kisigino, nakichora kwenye skrini, halafu mashine inakata ngozi kwa kufuata mstari wangu. Mstari ukiwa na kigugumizi, ngozi nayo inakatwa na kigugumizi. Kwa muda sasa mshale wa kwenye skrini hautulii. Naupeleka kwenye ncha ya kisigino, unafika vizuri, halafu unaanza kuchezacheza pale kama mtu anayesubiri zamu ya choo. Na nikibonyeza mara moja, kompyuta inasikia mara mbili.

Ningekuwa na muda ningekivumilia. Lakini mwisho wa mwezi tunaanza kiatu kipya cha shule, na meneja amesema kila mchoraji atachora kipande mbele yake, aone nani abaki mezani na nani ahamie chumba cha kufungasha. Kufungasha si kazi mbaya. Ila mimi ni mchoraji.

Niambie basi: kipanya kinaweza kushikwa na homa?

Na usimwambie baba yako. Akisikia nasumbuka kazini atasema nimechoka, nirudi nyumbani nikae naye.

Shangazi yako


6 Machi

Shikamoo Shangazi,

Kipanya chenye homa. Nimecheka hadi msomaji mmoja wa magazeti akanikazia macho.

Haya, kaa vizuri, maswali yanakuja. Chini ya kipanya kuna kitaa chekundu. Umekipangusa? Meza yako ni ya kioo? Kioo kinakichanganya kipanya, weka karatasi nyeupe chini yake. Waya wake umebanwa na mguu wa meza? Umejaribu kipanya cha mtu mwingine? Na hili ndilo kubwa: ukikiacha bila kukigusa, mshale unatulia au unaendelea kucheza?

Baba hajui kitu. Kwa kweli anajua nusu. Aliniona nikisoma barua yako akauliza Dada anasemaje. Nikajibu, "Ana shida ya kipanya." Alikuwa na redio sikioni. Akasikia panya. Akatikisa kichwa akasema, "Kiwandani kwenye ngozi, watakosaje?" Nikamwacha hivyo hivyo. Nilikosea?

Maswali


10 Machi

Maswali,

Ulikosea. Leo dereva wa mizigo ameniletea mtego wa panya wa chuma, mkubwa wa kumtosha paka, na kikaratasi cha baba yako: "Dada, tumia mkate wenye siagi. Ukinasa wa kwanza wengine watahama." Nimeuweka chini ya meza. Mhasibu, ambaye meza yake iko jirani na yangu, ameupiga kwa kidole cha mguu, sasa anatembea akiwa na kinyongo na familia yetu.

Nakuja kwenye maswali yako. Nimejaribu kitu kimoja kwa siku moja, kwa sababu ukibadilisha viwili kwa mpigo hujui kipi kimekusaidia. Kitaa nimekipangusa: hakuna tofauti. Meza ni ya mbao, hata hivyo niliweka karatasi nyeupe: hakuna tofauti. Waya uko huru. Kipanya cha mhasibu niliazima. Nacho kinatetemeka nikikishika mimi. Akikishika mwenyewe kinatulia. Nadhani kimemzoea.

Nikikiacha, mshale unatulia kama mtu aliye msikitini au kanisani, chagua mwenyewe.

Sasa hiyo ni homa gani?

Shangazi yako


12 Machi

Shikamoo Shangazi,

Hilo la mhasibu limeninyima raha. Vipanya viwili, na vyote vinatetemeka kwako tu. Je, mikono yako ina jasho? Unakaa karibu na mashine ya kukatia, ile inayotikisa sakafu? Nimeamua ni sakafu. Miguu ya kiti chako inaleta mtikisiko mpaka kwenye kiwiko. Usinicheke, nimemuuliza fundi wa hapa na hakukataa. Ingawa fundi wa hapa hukataa nadra, maana kukataa kunataka maelezo.

Sakafu hatuwezi kuibomoa, kwa hiyo tubadilishe masikio ya kompyuta. Fungua Mipangilio. Tafuta sehemu inayoitwa Ufikivu, ina alama ya mtu aliyenyoosha mikono. Humo ndani kuna mambo ya kipanya. Punguza kasi ya mshale. Ukuze mshale uwe mnene. Ongeza mkia, yaani mshale uache nyayo nyuma yake unapotembea. Na kuna kitu nakipenda: unabonyeza kitufe cha kipanya kwa kitambo, kisha unaachia, na kompyuta inaendelea kudhani umeshikilia. Unaburuta kitu bila kukishika. Kasi ya kubonyeza mara mbili nayo inarekebishwa, ili bonyezo la bahati mbaya lisihesabiwe.

Kimoja kwa siku moja, kama unavyopenda. Halafu niambie kila kimoja kinajisikiaje. Mimi navijua kwa majina tu, sijawahi kumpata mtu wa kuvivaa na kunieleza vinabana wapi.

Maswali


17 Machi

Maswali,

Umetaka kujua vinabana wapi. Sikiliza.

Kasi ndogo: ni kama kuvaa kiatu kilichojaa maji. Mshale unakuja, lakini unakuja kwa kulazimishwa. Mtetemo umepungua ukubwa, haujaisha. Nimeiacha.

Mshale mkubwa: huu umenifurahisha kuliko nilivyotarajia. Nimeupaka rangi ya machungwa. Kumbe robo ya siku yangu ilikuwa ni kuutafuta. Nimeuacha.

Mkia: niliona nyayo nyingi zinazonifuata nikahisi nadaiwa. Nimeuzima.

Kushika bila kushika: hiki ni kitu cha ajabu. Nilibonyeza, nikaachia, nikauinua mkono wangu kabisa kutoka mezani, na mstari bado umeshikwa na mshale unangoja. Nilikaa nautazama. Ni kama kuna mkono mwingine wa ndani ya kompyuta umepokea kazi. Nimekiacha. Lakini safari yenyewe, kutoka ncha mpaka ncha, bado inatetemeka.

Sasa nami nina swali, usidhani ni wewe tu. Hiyo sehemu ya Ufikivu, nimesoma maelezo yake. Ni ya watu wasioona, wasiosikia, wenye viungo vilivyopungukiwa. Kwa nini kipanya kibovu kinatibiwa kwenye wodi ya watu? Mara mbili nimeifungua, na mara mbili mhasibu akipita naifunga haraka, kama msichana anayesoma barua ya mchumba. Sijui naona haya ya nini. Kipanya si changu, ni cha kampuni.

Shangazi yako


18 Machi

Shikamoo Shangazi,

Si wodi. Ngoja nikueleze anayeingia humo hapa maktaba. Kuna mama mmoja anakuja kuandika maombi ya kazi huku ananyonyesha, ana mkono mmoja tu ulio huru. Kuna kocha wa mpira aliyevunjika kidole cha shahada. Kuna mzee mwenye macho mazima kabisa anayependa mshale mkubwa kwa sababu, anasema, mdogo unamdharau. Na kuna mimi. Mshale wangu ni wa kijani, nusu ya kidole gumba. Ni kama kabati la viatu, Shangazi: hakuna mwenye mguu wa kawaida, kuna wenye saizi zao tu. Wewe ndiye uliyenifundisha hilo, nilipokuwa nalia kwamba mguu wangu wa kushoto ni mkubwa kuliko wa kulia.

Sasa, kama kipanya hakiponi, kiache kilale. Kuna njia ya kutembea bila kipanya. Ufikivu hapo hapo, kuna mahali pa kuruhusu namba za kulia kwenye kibodi zisogeze mshale. Nane ni juu. Mbili ni chini. Nne ni kushoto, sita ni kulia. Tano ni kubonyeza. Sifuri inashika, nukta inaachia. Chagua kwamba zisogeze mshale wakati kile kitaa cha namba, kinachowashwa na kitufe cha Num Lock, kimezimwa, na kitaa kikiwaka ziandike namba kama kawaida. Hilo la kitaa usilisahau, kila mtu hulisahau.

Nina swali la pembeni. Picha ya kiatu uliyotutumia wiki iliyopita imetoka ukungu mtupu. Simu yako nayo inaumwa?

Maswali


22 Machi

Maswali,

Nimeanza na namba juzi na sijaacha. Kama ningekuwa na mtu wa kumpigia makofi ningempigia.

Nane, mshale unapanda. Sita, unakwenda kulia, umenyooka kama uzi uliotiwa nta. Gusa mara moja, unasogea upana wa unywele. Shikilia, unatembea. Mtetemo hakuna. Nakwambia, hakuna kabisa, kwa sababu kidole kinagonga tu kitufe, na kitufe hakijali kidole kimefikaje. Nimechora ukingo wa soli nikautazama kwa karibu, nikautazama tena nikiwa nimesimama mbali. Ni mstari wa mtu mzima.

Bado mikunjo. Namba zinakwenda kwa ngazi, na kisigino hakina ngazi. Siku ya meneja inakaribia na nitaombwa kisigino, najua, huwa anaomba kisigino.

Jana nilibaki peke yangu chumbani nikajimiminia chai. Imemwagika nusu. Nikacheka mwenyewe, nikasema hiki kikombe nacho kina homa, na kijiko, na kalamu, na simu aliyoiulizia binti wa kaka yangu. Si kipanya, Maswali. Ni mkono wangu. Unatetemeka kama ulivyokuwa wa babu yako na sitaki mtu ajue 888888884444444444555


24 Machi

Shikamoo Shangazi,

Barua yako imefika bila sahihi. Wewe husahau sahihi? Hata kikaratasi cha "nimetoka kununua chumvi" unakiweka sahihi.

Nilianza na zile namba, kwa sababu maneno yaliyotangulia sikuwa tayari kuyashika. Nilidhani ni simu ya mtu unayetaka nimpigie, nikapiga, sauti ikaniambia namba hiyo haipo. Halafu nikaona ni nane, nne na tano tu. Hakuna namba nyingine iliyochanganyika. Nikakaa mbele ya kompyuta, nikafungua barua yangu ya kukujibu, nikaweka mshale juu ya neno Tuma, pale chini kulia. Nikazima kitaa. Nikafuata ulivyobonyeza, kila kitufe nikikishikilia: juu, juu, juu, kushoto, kushoto, kushoto. Mshale ulipanda ukavuka karatasi ukatua pale ambapo kwenye barua yako kuna maneno "Si kipanya, Maswali." Kisha tano: bonyeza.

Ulikuwa unarudi kuyafuta.

Kitaa kilikuwa kinawaka, si ndiyo? Ulikuwa unatazama vidole, siyo skrini. Ulipoinua macho ukaona namba, ukazima kitaa, ukabonyeza tano kwa hasira, na mshale ulikuwa haujatoka kwenye Tuma.

Shangazi, nimesoma tena barua zako zote tangu ya kwanza. Umeniambia ukweli kila mara. "Nacho kinatetemeka nikikishika mimi." Uliandika wazi, nami nikakujibu habari za sakafu.

Baba ameuliza leo kama panya wameisha. Nimemwambia bado.

Sina swali. Ndiyo, hata mimi nimeshangaa.

Maswali


26 Machi

Mwanangu,

Ilikuwa hivyo hivyo ulivyosema, hata ile hasira. Nilipoona barua imeondoka nilichungulia nyuma ya kompyuta, kama mtu anayetafuta kuku aliyetoroka.

Nimeona daktari, kwa hiyo hilo liondoe kichwani. Amenishika mkono, amenichoresha duara kwenye karatasi, amenipa dawa ya kuanzia. Anasema mtetemo huu hautaniua, ila hautaisha wote, na kwenye koo zingine hutoka kwa mzazi. Nikamwambia najua unakotoka, nilikuwa nakaa nao meza moja.

Sasa nikueleze kwa nini nilificha, usije ukadhani ni kiburi. Wewe ulimkuta babu yako akiwa amekaa kwenye kiti cha mlangoni. Hukumwona kabla. Alikuwa anashona viatu mkono ukitetemeka, na vilishonwa. Alikuwa na namna yake: anaegemeza kifundo cha mkono kwenye goti, anangoja mtetemo upite, anakata. Baba yako alimpenda mno, hakuweza kuvumilia kutazama. Siku moja akamwondolea kile kisu cha kukatia ngozi, akakiweka pasipojulikana, akasema, "Mzee, umefanya kazi ya kutosha." Baada ya kisu ikafuata nyundo. Kisha chai ikawa ya nusu kikombe. Kisha kijiko kikashikwa na mtu mwingine. Hakuna aliyemtendea ubaya, kila mtu alimtendea wema, na kila wema ulimpunguzia kitu kimoja. Mkono haukumkalisha pale mlangoni. Sisi tulimkalisha.

Baba yako hajabadilika. Akijua leo, kesho yuko hapa na gari la kuazima kunichukua. Ndiyo maana nilisema ni kipanya. Kipanya hakina kaka wa kuja kukichukua.

Sasa turudi kazini. Siku ya meneja ni tarehe thelathini na moja. Mistari iliyonyooka ninayo. Kisigino sina. Nikijaribu kukikunja kwa namba kinatoka kama ngazi za ghorofa.

Shangazi yako


27 Machi

Shikamoo Shangazi,

Baba sitamwambia mpaka useme wewe.

Maswali yamerudi, pole. Mimi sijui kuchora kiatu. Najua tu kwamba programu nyingi za kuchorea hazihitaji uutembeze mstari njia nzima, lakini yako sijaiona. Kwa hiyo nauliza kitu kingine. Mkono wa Babu ulikuwa unatetemeka, na kisigino kina mkunjo. Yeye aliuchoraje? Aliupata wapi huo mkunjo kabla ya kuukata?

Maswali


28 Machi

Maswali,

Nimesoma swali lako nikasimama katikati ya chumba nimeshika kikombe.

Hakuuchora. Nilikuwa nimesahau kabisa. Alichoma matundu kwenye ngozi kwa msumari: la chini, la pale kisigino kinapotokeza, la juu kinapoingia ndani. Matundu tu. Kisha alichukua waya laini akaupitisha kwenye matundu yote, na waya wenyewe ndio ulijikunja. Alikuwa anasema waya hautetemeki, kazi yangu ni kuuonyesha pa kupita.

Ngoja nikajaribu.

Shangazi yako


2 Aprili

Mwanangu Maswali,

Najua umehesabu siku, na najua umepiga simu. Sikupokea kwa makusudi. Nilitaka nikueleze kwa utulivu, kwa mpangilio.

Programu ina waya. Ilikuwa nao siku zote, kwenye pembe ya juu, alama ndogo kama kiwavi, na mimi sikuwahi kuigusa kwa sababu nilikuwa najivunia kuchora kwa mkono mtupu. Unaweka nukta, unasogea, unaweka nukta nyingine, na mstari unajipinda wenyewe kuzipitia. Nukta naziweka kwa tano. Nikitaka kuusogeza mkunjo, naishika nukta moja kwa sifuri, naipeleka, naiachia.

Siku ya meneja nilikuwa wa tatu. Kabla hajafika mezani kwangu nilichomoa kipanya nikakifungia kwenye droo. Alikuja na kalamu yake sikioni, mhasibu nyuma yake. Akatazama meza.

"Mama, kipanya chako kiko wapi?"

"Kimelazwa."

Mhasibu akacheka, meneja hakucheka. Akasema, "Basi utachoraje?"

Maswali, nilikuwa nimejiandaa kuchora tu na kunyamaza. Lakini alipouliza vile nikaona nikinyamaza nitakuwa nafunga tena ile sehemu haraka haraka kila mtu akipita. Nikanyoosha mkono wangu mbele yake. Nikauacha hewani utetemeke kadiri unavyopenda. Nikasema, "Huu ndio mkono. Na hivi ndivyo ninavyochora." Nikaurudisha kwenye namba.

Akaomba kisigino. Nikampa. Akainama mpaka pua ikakaribia skrini, akasema kimetokeza mno, kiingie ndani upana wa unywele. Nikagonga nne mara moja. Akasema tena kidogo. Nikagonga tena.

Kisha akavuta kiti. "Hebu nami." Akagonga, na kwenye mchoro wangu zikatokea 666666. Alikuwa amewasha kitaa bila kujua. Nikamwambia, "Zima kitaa, bosi. Kila mtu hulisahau hilo." Alikaa pale mpaka wachoraji waliobaki wakaanza kukohoa.

Nabaki mezani. Hakusema kwa maneno mazuri, alisema tu kwamba Jumatatu nianze na kisigino cha kiatu cha shule, na kwamba kijana wa meza ya nne aje nimwonyeshe alama ya kiwavi. Nimekitoa kipanya kwenye droo. Sina ugomvi nacho. Nakiweka pale pale, kiangalie.

Mtego wa baba yako bado uko chini ya meza, haujanasa kitu zaidi ya mhasibu.

Nimefikiri sana kuhusu huyo baba yako. Nimemwonyesha mkono meneja ambaye hata siku yangu ya kuzaliwa haijui, na ndugu yangu namtumia habari za panya. Lakini nikianza barua yake naishia kwenye salamu. Kwa hiyo nifanyie hivi. Barua hii ikiwa mbele yako, weka mshale kwenye sahihi yangu. Zima kitaa. Fuata namba zilizo chini ya sahihi, na kila moja uishikilie kidogo.

Shangazi yako

222226666665


6 Aprili

Shikamoo Dada,

Binti yako amekuja juzi na karatasi zilizochapwa, barua zenu zote, akaniambia, "Baba, zima redio." Nikadhani kuna msiba. Anasema zile namba zako za mwisho zilishuka chini, zikaenda kulia, zikatua kwenye neno Sambaza, na alipobonyeza, kompyuta ikamuuliza ampelekee nani. Akaona ni mimi tu ninayekosekana.

Nimesoma mpaka pale pa panya nikajiona mpumbavu, nikaendelea. Nimefika pale pa Mzee nikaweka karatasi chini. Nikatoka nje, nikarudi. Mama watoto akauliza nimepoteza nini. Nikamwambia natafuta.

Gari nilikuwa nimekwishaazima. Sikufichi. Nilipomaliza kusoma barua ya mwisho nilimrudishia mwenyewe ufunguo.

Kisha nikamwambia binti anipeleke maktaba, anionyeshe. Nilitaka kujua unaona nini. Nane juu, nimeielewa. Nilichukua mchana mzima kuufikisha ule mshale wake wa kijani kutoka pembe moja hadi nyingine, na mkono wangu hautetemeki hata kidogo. Sijui wewe ulikaa na mambo haya peke yako vipi. Nikija kukutembelea, na nasema kukutembelea, utanionyesha hicho kiwavi.

Mtego nirudishie, huku panya wapo kweli.

Kwa dereva yule yule nakutumia kitu. Kilikuwa juu ya kabati langu miaka yote hii, kimefungwa kwenye gazeti, na kila nilipohama nilihama nacho. Ni cha kukatia ngozi, na kwetu sote mwenye kazi na ngozi ni wewe. Fungua mzigo taratibu, Dada. Nimekinoa.

Mdogo wako